Mali Bila Daftari: Vyuma Chakavu, Vitu vya Ziada na Simu Yako Hapo Bura

Ukitoka soko la Bura, kaunti ya Tana River, ukielekea vijiji vya skimu, chuma utakiona kila mahali. Trekta lisilo na magurudumu limezingirwa na mathenge. Kipande cha bomba kimelala kando ya mfereji. Mabati yameliwa na kutu, gurudumu la mkokoteni limebaki ringi tu. Kwa mtu mmoja hiyo ni takataka. Kwa mwingine ni karo ya shule.

Hizi takataka zina historia. Mradi wa unyunyizaji wa Bura ulijengwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, Benki ya Dunia ikiwa mmoja wa wafadhili wakubwa. Familia za kwanza za wakulima zilianza kuingia 1981, zao kuu likiwa pamba. Maji yalivutwa kwa pampu kutoka mto Tana, pale Nanigi. Pampu zilipochoka na mafuta yakawa ghali, mifereji ilikauka, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 mashamba mengi yalikuwa yamekufa. Baadaye serikali iliufufua mradi, na leo unasimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Unyunyizaji. Kila awamu ilileta mitambo yake, na kila awamu iliacha mifupa yake. Hata huo mathenge uliofunika mitambo uliletwa miaka ya 1980 ili watu wapate kuni.

Kwa hivyo si ajabu kwamba Bura kuna watu wanaoishi kwa kununua na kuuza vyuma chakavu na vitu vilivyotumika. Wengi wao hulipa na kulipwa kwa simu. Katika makala haya tunataka tuongee nao, na pia na wewe unayefikiria kuanza: biashara yenyewe iko vipi, hasara inajificha wapi, na simu yako inaweza kukulinda kiasi gani.

Biashara mbili ndani ya yadi moja

Watu wengi wakisikia "skrapu" wanafikiria kilo tu. Lakini mtu mwenye macho huendesha biashara mbili kwa pamoja.

Ya kwanza ni ya kilo. Chuma kinapimwa, kinapakiwa kwa lori, kinapelekwa Mombasa kupitia Hola, Garsen na Malindi, au Nairobi kupitia Garissa. Huko kinayeyushwa na kugeuzwa nondo na vitu vingine. Hapa faida ni ndogo kwa kila kilo, kwa hivyo unahitaji mzigo mwingi.

Ya pili ni ya vitu vya ziada, yaani vitu ambavyo bado vina kazi ila mwenyewe havihitaji tena. Tangi la maji la mradi uliokwisha. Jenereta. Pampu ndogo ya petroli. Baiskeli, milango ya chuma, mabomba mazima, vipuri vya pikipiki. Ukiuza pampu kwa kilo unapata pesa ya soda. Ukimpata fundi aifungue, abadilishe kinachovuja, halafu umuuzie mkulima wa kando ya mto anayelima tikiti au nyanya, unapata mara kadhaa ya hiyo.

Basi kanuni ya kwanza ni hii: kabla ya kurusha kitu kwenye rundo la kilo, jiulize kama kuna mtu Bura, Hola au Madogo anayekihitaji kikiwa kizima. Piga picha, weka bei, itume kwa watu wako wa simu. Mpe kitu hicho wiki mbili au tatu. Kisipopata mtu, basi kiende kwa mizani.

Je, hiki ni chakavu au ni cha watu?

Hapa ndipo biashara hii huvunjika. Maji ya skimu hupita kwenye mifereji, na mifereji ina mageti ya chuma ya kufungulia na kufungia. Geti moja lililong'olewa usiku likipimwa kwa mizani ni kilo chache tu. Lakini kijiji kizima kinaweza kukosa maji msimu ukiwa katikati, mahindi yakiwa yanataka kuchanua. Aliyeuza amepata mia kadhaa. Aliyenunua anaweza kupoteza yadi yake. Aliyelima amepoteza mavuno. Na wote watatu pengine wanasali pamoja.

Ni vivyo hivyo kwa nyaya za stima, vyuma vya nguzo, mita za maji, mifuniko ya mashimo, alama za barabarani na vyuma vya daraja. Nchi nzima ilionjeshwa jambo hili mwaka 2022. Januari 11 stima zilipotea karibu Kenya yote baada ya minara ya umeme kuanguka, na serikali ikasema iliharibiwa na wezi wa vyuma. Siku chache baadaye, Januari 20, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara yote ya vyuma chakavu. Mfanyabiashara mwaminifu na mwizi walifungiwa mlango mmoja. Marufuku iliondolewa Mei mwaka huo, na masharti yakakazwa.

Sheria yenyewe ipo tangu 2015. Inataka anayefanya biashara ya vyuma chakavu awe na leseni, na aweke kumbukumbu za anachonunua na aliyemuuzia. Kuna Baraza la Vyuma Chakavu linalosimamia. Kama bado huna leseni, usianze kununua kwa matumaini kwamba "hapa ni mbali, hakuna atakayekuja." Uliza kwanza leseni inayokuhusu wewe, kwa ukubwa wa biashara yako, na kibali cha biashara cha kaunti pia.

Rekodi ya simu inafanya nini, na haifanyi nini

Tuwe wakweli. Rekodi ya malipo ya simu haisafishi mali ya wizi. Ukinunua waya wa stima na ukalipa kwa simu, bado umenunua waya wa stima. Tena sasa kuna ushahidi.

Lakini mali ikiwa ni halali, rekodi hiyo ni rafiki yako mkubwa. Inaonyesha jina la uliyemlipa, namba yake, kiasi, siku na saa. Keshi haionyeshi chochote. Mtu akija baada ya mwezi na kusema "lile tangi lilikuwa langu," wewe huanzi kubabaika. Unafungua simu, unafungua daftari, unasema: nilinunua siku hii, kwa mtu huyu, kwa pesa hii. Mzigo wa maelezo unahamia kwa aliyekuuzia.

Kwa sababu hiyo, kataa presha ya keshi. Mazungumzo ya kawaida ni kama haya:

"Mama, nipee tu keshi, simu yangu haina chaji."

"Mwanangu, chaja iko hapo ukutani. Weka simu, kunywa maji, mimi sina haraka."

Mwenye mali yake atangoja. Asiye na mali yake atakumbuka ana shughuli mahali.

Tunajua kuna wazee na wafugaji wasio na simu, au wanaotumia laini ya mtoto. Hiyo si dhambi. Lakini kama pesa inaenda kwa namba ya mtu mwingine, andika majina yote mawili: la aliyeleta mali na la aliyepokea pesa, na namba ya kitambulisho ya aliyeleta. Na mtoto wa shule akileta chuma, usimpimie. Mwambie aje na mzazi.

Hivi ndivyo tunavyopendekeza ufanye kila unaponunua:

1. Angalia mali kwanza, si mizani kwanza. Tafuta alama, namba, nembo, rangi ya shirika, sehemu iliyokatwa upya. Kitu kikubwa, piga picha kikiwa bado kizima.
2. Uliza kimetoka wapi, na uandike jibu. "Kwa boma la babu, Kijiji namba fulani" ni jibu. "Huko tu" si jibu.
3. Andika jina na namba ya kitambulisho. Linganisha na jina linalotokea kwenye simu kabla hujaweka PIN.
4. Lipa, halafu nakili namba ya muamala kwenye daftari, mstari uleule wa mali hiyo.
5. Usifute meseji. Ukibadilisha simu, omba taarifa ya akaunti yako na uihifadhi.

Hilo la nne ndilo wengi huruka. Simu inajua umelipa shilingi 2,400, lakini haijui kwamba ulinunua mabati 12. Daftari linajua mabati, lakini halina ushahidi wa malipo. Namba ya muamala ndiyo uzi unaoshona hivyo viwili. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari ni lile la karatasi pamoja na lile la simu.

Jambo lingine: namba za vitambulisho za watu si za kuacha mezani. Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inakuhusu hata wewe mwenye yadi ndogo. Funga daftari kabatini, usipige picha kitambulisho cha mtu ukaitupa kwenye kundi la WhatsApp.

Hesabu ya safari moja

Tuchukue mfano. Bei hizi ni za mfano tu, za kwako zitakuwa tofauti, lakini njia ya kuhesabu ni ileile.

Umenunua kilo 1,200 za chuma kwa shilingi 25 kila kilo. Hiyo ni 30,000. Nafasi kwenye lori, 5,000. Vijana wa kupakia, 1,500. Gharama za kutuma na kutoa pesa, jumla 600. Ada ndogondogo, 500. Umetumia 37,600.

Mnunuzi wa mjini anachukua kwa 36. Kichwani unapiga 1,200 mara 36, unapata 43,200, unajiona na faida ya 5,600.

Mzigo unafika, mizani ya kule inasoma kilo 1,150. Udongo umepukutika, kutu imemwagika, na pengine mizani yako inadanganya kidogo. Unalipwa 41,400. Faida yako ni 3,800. Kilo 50 tu zimekula 1,800, karibu theluthi moja ya ulichotarajia.

Halafu kuna kodi. Tangu Julai 2023, kodi ya mauzo kwa wafanyabiashara wadogo ni asilimia 3, kwa walio na mauzo ya kuanzia shilingi milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka. Ukifanya safari kama hii kila wiki mbili, mwaka una safari 26, mauzo ni 1,076,400. Umeshaingia. Na kodi hii hutozwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Asilimia 3 ya 41,400 ni 1,242. Imebaki 2,558.

Hatusemi haya ili ukate tamaa. Tunasema kwa sababu mtu anayehesabu kichwani huishi akidhani anapata 5,600 na huku anashangaa mtaji unapotelea wapi. Mwenye rekodi anaweza kwenda ofisi ya KRA au kwa mhasibu na kuuliza: kwa biashara ya faida nyembamba kama yangu, niko njia gani ya kodi inayonifaa? Asiye na rekodi hana hata pa kuanzia.

Tenganisha pia pesa ya biashara na ya nyumba. Pokea mauzo kwa till au laini ya biashara, na ujilipe mshahara siku moja kwa wiki. Unga ukinunuliwa kutoka laini ileile ya chuma, mwisho wa mwezi huwezi kujua ni chuma kilichokuletea hasara au ni unga.

Mitego minne tunayoisikia sana

*Meseji ya uongo.* Mtu anachukua jenereta, anakuonyesha skrini yake: "Imetumwa." Wewe usiangalie skrini yake. Angalia salio lako. Meseji inaweza kuandikwa na mtu yeyote, lakini salio halidanganyi. Kama network ya Bura imelala, mali nayo ilale yadi mpaka network iamke.

*"Nimetuma kimakosa, nirudishie."* Usirudishe mwenyewe, hata akilia. Kama pesa kweli imeingia, mwambie aombe kurudishiwa kupitia kampuni. Sisi tutawasiliana nawe. Kama haijaingia, hakuna cha kurudisha.

*Dalali wa lori.* Anapiga simu: lori lipo Hola, linarudi tupu, tuma nusu ya nauli sasa hivi nafasi isiende. Unatuma, lori halionekani. Omba namba ya gari, ongea na dereva mwenyewe, na lipa lori likiwa limesimama mbele ya mzigo wako.

*Mnada hewa.* Huu ndio unaoumiza zaidi, maana mnada wa kweli upo. Taasisi za umma huuza mali ya zamani chini ya Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali ya Umma ya 2015: kuna kamati, kuna tangazo, kuna siku ya kwenda kukagua, na kuna amana. Matapeli huiga tangazo hilo, wanaweka picha ya Land Cruiser nyeupe na namba ya simu ya mtu binafsi. Hakuna ofisi ya serikali inayochukua amana ya mnada kwa laini ya afisa. Malipo ya huduma nyingi za serikali kuu hupitia eCitizen, Paybill 222222, na amana za mnada hulipwa kwa akaunti ya taasisi kama ilivyoandikwa kwenye hati zake. Nenda ofisini, ona mali kwa macho, pata risiti. Na kama kitu kina alama ya msaada usiouzwa, kipite hivyo hivyo, hata bei ikiwa tamu namna gani.

Mvua, barabara na floti

Mtu wa Bura haambiwi kuhusu mafuriko. Novemba 2023, na tena Aprili na Mei 2024, Tana ilivunja kingo zake na barabara ya Garissa upande wa Madogo ikakatika. Mzigo uliolipiwa ulikaa. Mwenye yadi aliyetumia kila shilingi kununua hakuwa na ya kula.

Kwa hivyo kabla ya mvua za masika na za vuli, punguza kununua, uza ulichonacho, acha akiba kwenye simu ya kutosha wiki kadhaa. Mali ya kilo inavumilia maji, lakini jenereta na pampu ziinue juu. Tena chuma kilicholala mtoni au mferejini baada ya mafuriko si cha aliyekiokota. Kina mwenyewe, ila maji yamemhamishia.

Floti nayo ni shida ya miji midogo. Siku ya soko, wakala mmoja anaweza kuishiwa keshi kabla ya saa nne. Ongea naye siku iliyotangulia. Afadhali zaidi, waombe wauzaji wako wabaki na pesa kwenye simu na wanunue dukani kwa till. Pesa ikizunguka bila kutolewa, hakuna ada ya kutoa, na hakuna anayetembea na bunda njiani jioni.

Mikono na mapafu

Hakuna faida inayolipa afya. Betri kuukuu zina risasi na asidi. Usizipasue, usimwage maji yake mferejini, usiwaache watoto wachezee. Huko Mombasa, kijiji cha Owino Uhuru kiliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri, na watu wengi, watoto wakiwemo, walipatikana na sumu ya risasi mwilini. Phyllis Omido alipigania jambo hilo miaka mingi, na Julai 2020 mahakama ilitoa hukumu ya fidia ya shilingi bilioni 1.3. Betri ziuze zikiwa nzima, kwa mnunuzi mwenye kibali.

Usichome nyaya ili upate shaba: moshi wake ni sumu, na waya uliochomwa huwezi kuthibitisha ulitoka wapi. Na ukiletewa kitu cha chuma usichokielewa, kinachofanana na risasi kubwa au bomu, usikipime, usikigonge. Sogeza watu mbali, piga simu polisi.

Anza leo

Huhitaji kompyuta wala programu ya bei. Nunua daftari la kurasa 200, chora safu sita: tarehe, mali, imetoka wapi, jina na kitambulisho, kiasi, namba ya muamala. Anza na mali ya kwanza itakayoingia kesho asubuhi. Jumamosi jioni, linganisha daftari na taarifa ya akaunti yako. Kama kuna mstari ulio upande mmoja na haupo upande mwingine, utafute kabla hujalala.

Ukiona muamala usioufahamu, au ukishuku umetapeliwa, tupigie huduma kwa wateja mara moja. Dakika za mwanzo ndizo zenye nafasi nzuri ya kuokoa pesa. Na kama kawaida: hatutakuuliza PIN yako, si kwa simu, si kwa meseji. PIN ni yako peke yako.